Askari wa Nta

Katika sinema zinazotengenezwa kwa ajili ya watoto ni nadra kukuta mhusika anayeijua asili yake na kuikiri bila kulazimishwa. Wanyama husema, magari hukasirika, vijiko hucheza ngoma, na hakuna anayesimama kidogo akajiuliza yeye ni kitu gani. Ndiyo maana nimependa kuandika habari za Theodore Roosevelt wa nta, yule mzee wa masharubu na miwani ya duara anayepanda farasi ndani ya jengo katika filamu ya Night at the Museum. Filamu hiyo ilitoka mwaka 2006, mwongozaji wake akiwa Shawn Levy, na mwigizaji aliyevaa nta hiyo ni marehemu Robin Williams.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, kisa chenyewe ni chepesi. Larry Daley, mwanamume aliyeachana na mkewe na asiyedumu katika kazi yoyote, anaajiriwa kuwa mlinzi wa usiku katika Makumbusho ya Viumbe Asilia ya New York. Usiku wa kwanza anagundua kwamba jua likizama kila kitu humo ndani hufufuka: mifupa ya dinosaria, askari wa Kirumi wenye kimo cha kidole, Attila na jeshi lake, simba, tembo na punda milia. Sababu ni kibao cha dhahabu cha farao mmoja kijana, kilichofika hapo mwaka 1952. Alfajiri kila kimoja hurudi mahali pake, na kitakachokutwa nje na jua hugeuka vumbi. Kumbe kazi ya mlinzi si kuzuia wezi wasiingie, bali ni kuzuia waliomo wasitoke.

Anayemweleza Larry mambo haya yote ni Roosevelt. Anatokea juu ya farasi, anamwokoa mikononi mwa wale watu wadogo waliokwisha kumfunga kamba, kisha anamfundisha kazi. Tangu hapo yeye ndiye askari wa mbuga hiyo ya ajabu. Anazunguka kwenye korido, anapeleleza kwa darubini, anatoa amri, anaonya, anatia moyo. Mtu aliyepata kuwa skauti atamtambua mara moja. Ni kamishna wa skauti hasa, wa aina ile inayoamka kabla ya wengine na kuwahutubia vijana wenye usingizi juu ya ushupavu. Na si kwamba watengenezaji walijibunia hilo. Chama cha Skauti cha Marekani kilipoanzishwa mwaka 1910, Roosevelt alikuwa miongoni mwa wakubwa wake wa heshima, akapewa cheo cha Raia Skauti Mkuu.

Zaidi ya miaka thelathini nimefundisha walimu watarajiwa namna ya kuhakiki kazi za sanaa, na kila mwaka nilipambana na ugonjwa ule ule: mwanafunzi anaigawa kazi katika fani na maudhui kama mtu anayepasua nazi, halafu hatii nazi yenyewe mdomoni. Akipewa filamu hii angeandika kwamba dhamira ni ujasiri, mtindo ni vichekesho, mandhari ni makumbusho, akafunga daftari. Angepitwa na jambo lenyewe.

Jambo lenyewe limo katika mazungumzo mafupi yanayokaribia mwisho wa filamu. Larry amekata tamaa, anamtegemea rais huyu shujaa amwokoe tena, na mzee anakataa. Anamwambia wazi kwamba yeye si Roosevelt. Yeye ni sanamu iliyotengenezwa katika kiwanda cha sanamu za maduka ya nguo, huko Poughkeepsie. Hakuchimba mfereji wa Panama wala hakupata kuongoza nchi. Zaidi ya hayo, hana hata ujasiri wa kumsemesha mwanamke anayempenda. Williams, ambaye katika kazi nyingine aliweza kukimbia na maneno mpaka masikio yakachoka, hapa ametulia. Macho yake ni ya mtu mzima anayesema jambo la aibu. Robin Williams alifariki tarehe 11 Agosti, 2014, na filamu ya tatu katika mfululizo huu ilitoka Desemba mwaka huo huo, naye akiwa bado na nta yake usoni. Anayezitazama leo hawezi kuitazama sura hiyo kwa wepesi ule wa zamani.

Mwanamke anayependwa ni Sacagawea, yule binti wa Washoshone aliyesafiri na msafara wa Lewis na Clark kuelekea Pasifiki, akimbeba mtoto wake mchanga aliyezaliwa Februari mwaka 1805. Katika makumbusho ya filamu amewekwa nyuma ya kioo kinene kiasi kwamba hasikii linalosemwa nje. Mzee anamchungulia kwa darubini kutoka mbali. Hapa filamu imefikiri vizuri. Mwanamke aliyewasaidia watu kupita nchi ambayo wao hawakuijua amefungiwa mahali ambapo hawezi kumwonyesha njia mtu yeyote, na mara anapotolewa ndiye anayesoma nyayo na kumtambua mhalifu amepitia wapi. Baadaye gari la farasi linakuja kwa kasi, mzee anamsukuma kando, naye anakatwa vipande viwili kiunoni. Hakuna damu, kwa sababu ni nta. Sacagawea anaiyeyusha kwa moto na kumuunga. Mtu aliyekiri kuwa si shujaa anafanya la kishujaa dakika chache baadaye, na filamu haihutubii juu yake. Ningependa waandishi wetu wa tamthilia za shule, ambao hawawezi kumwacha mhusika afe bila hotuba ya kurasa mbili, wapaone hapo.

Hadi hapa nimesifu, na sifa hizo nasimama nazo. Shida yangu inaanzia kwa wanyama.

Watazame tena wale simba na tembo wanaofufuka kila usiku. Wanapita mbele ya mzee aliye juu ya farasi, naye anawatazama kama askari anavyoitazama mifugo ya serikali. Wao hawamkumbuki kwa lolote, naye hawakumbuki. Lakini huyu amepewa uso wa mtu aliyefika Mombasa mwezi Aprili, 1909, wiki chache tu baada ya kuacha urais, akiwa na mwanawe Kermit na wataalamu waliotumwa na Taasisi ya Smithsonian ya Washington. Walikaa katika nchi hizi karibu mwaka mzima, wakapita Kenya, wakaingia Uganda, wakashuka na Mto Nile. Roosevelt mwenyewe aliweka hesabu na kuichapisha katika kitabu chake cha safari mwaka 1910. Yeye aliua wanyama 296 na Kermit 216, jumla 512. Humo wamo simba 17, tembo 11 na faru 20. Ukiongeza ndege, panya, nyoka na samaki waliokusanywa na wataalamu, msafara ulipeleka Marekani viumbe wapatao 11,400. Kwa ajili ya kuhifadhi ngozi walisafiri na tani 4 za chumvi.

Sehemu kubwa ya mali hiyo ilikwenda Washington, si New York. Hata hivyo jengo la New York nalo linahusika. Baba yake Roosevelt alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake mwaka 1869. Na katika safari ile ile ya 1909 Roosevelt alikutana na Carl Akeley, fundi mkubwa wa kujaza ngozi za wanyama, akampigia baadhi ya tembo aliowahitaji kwa makumbusho hayo. Ukumbi wa wanyama wa Afrika uliofunguliwa mwaka 1936 unaitwa kwa jina la Akeley, na katikati yake wamesimama tembo wanane. Kwa hiyo tukisema kwamba katika jengo hilo askari wa wanyama na mpigaji wa wanyama ni mtu mmoja, hatutumii tamathali ya semi. Tunasoma daftari la mapokezi.

Je, filamu ya vichekesho ilipaswa kuyabeba haya? Najua jibu la wengi: mwalimu, waache watoto wacheke. Mimi nami nimecheka, hasa kwa yule tumbili anayemwibia Larry funguo. (Tumbili huyo ni wa jamii ya capuchin, ambao asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini, naye anazurura katika ukumbi wa wanyama wa Afrika kana kwamba amezaliwa Tabora. Hilo nalisamehe.) Ila sikubali kwamba kichekesho na kumbukumbu haviwezi kukaa nyumba moja. Filamu yenyewe imethibitisha kwamba vinaweza. Attila anapewa nafasi ya kulilia utoto wake. Wachunga ng'ombe na Warumi wanalazimishwa kupatana. Wote wanaitwa mbele ya historia zao, isipokuwa mwenye farasi, ambaye historia yake imepunguzwa kuwa mapenzi ya aibu kwa mwanamke nyuma ya kioo. Hebu fikiria tukio moja tu: tembo jike anasimama kwenye korido, ananusa hewa, anamkazia macho mzee, naye mzee, kwa sauti ile ile aliyoitumia kukiri kwamba ametoka kiwandani, anasema, "Si mimi. Lakini nina sura yake." Lingechukua nusu dakika. Watoto wangelielewa kuliko wazazi wao.

Haki inanitaka niseme upande wa pili, maana marehemu hajitetei. Roosevelt wa kweli alikuwa mhifadhi kwa vitendo. Idara ya Misitu ya nchi yake iliundwa mwaka 1905 katika utawala wake, na ardhi aliyoiweka chini ya ulinzi wa serikali yafikia ekari milioni 230, misitu, hifadhi za ndege na mbuga za taifa pamoja. Mwaka 1903 alilala porini Yosemite pamoja na John Muir, mtetezi wa milima ile. Yule dubu wa kuchezea ambaye watoto wa dunia nzima hulala naye alipata jina kutokana naye, kwa sababu mwaka 1902 huko Mississippi alikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa kwenye mti. Ni kweli pia kwamba, baada ya kukataa, aliagiza dubu yule amalizwe kwa kuwa alikuwa ameumizwa vibaya, na sehemu hiyo ya kisa haiuziki madukani. Kwa watu wa tabaka na wakati wake, kuua ili kuweka kwenye kioo kulihesabiwa kuwa elimu, na wakosoaji wanaomfanya jangili wa pembe hawamtendei haki. Hakuuza pembe.

Lakini faru weupe ni shauri jingine. Msafara ulikwenda makusudi mpaka Lado, ukingo wa magharibi wa Nile, eneo ambalo leo limegawanyika baina ya Uganda na Sudan Kusini, kwa sababu faru hao walikuwa wachache. Roosevelt na mwanawe waliua tisa, yeye watano na Kermit wanne. Faru dume wa mwisho wa jamii hiyo ya kaskazini, aliyeitwa Sudan, alikufa Machi mwaka 2018 katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya. Aliacha majike wawili, Najin na Fatu, mama na binti. Sisemi kwamba risasi tisa za mwaka 1910 ndizo zilizommaliza Sudan. Ujangili wa miongo ya baadaye na vita ndivyo vilivyofanya kazi kubwa zaidi. Nasema kwamba mtu akichukua sura ya mwindaji yule na kuivika cheo cha mlinzi wa wanyama, mtazamaji wa Nanyuki ana swali ambalo mtazamaji wa New York hakulifikiria.

Na wako wapi watu? Swali hili aliniuliza mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka kumi, tulipokuwa tukiitazama filamu hii. Aliona simba wa kwao, tembo wa kwao, punda milia wa kwao, akasubiri. Farao alipotoka katika jeneza lake nilimweleza kwamba Misri nayo ni Afrika. Akanitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mzee anayejitahidi.

Watu walikuwako. Msafara wa Roosevelt ulikuwa na wapagazi wapatao mia mbili na zaidi, pamoja na askari, wapishi, watunza farasi na wabeba bunduki, na lugha iliyowaunganisha ni hii ninayoandikia. Walimwita Bwana Mkubwa, na Kermit wakampa jina la Bwana Maridadi. Majina hayo yamo ndani ya kitabu, yakiwa yameendelezwa kwa sikio la mgeni. Mwandishi alichukua pia maktaba ndogo ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, Shakespeare akiwamo, ndani ya sanduku lenye uzito wa mzigo mmoja wa mpagazi. Kila nikifikia hapo huacha kusoma. Mwanamume mmoja alivuka nyika akiwa na Shakespeare kichwani, na kwake ilikuwa ratili sitini za uzito, basi. Kama mwalimu nisingeweza kubuni mfano bora wa hali ya elimu ya wakati ule.

La kumshukuru Roosevelt ni kwamba hakuwaacha wote bila majina. Bakari, Gouvimali, Juma Yohari, Kassitura: hao ni wabeba bunduki, nao wanatajwa humo wakifanya kazi, wakiona mnyama kabla ya mabwana, wakisimama pale ambapo mwenye akili angekimbia. Tukitafuta skauti hasa, kwa maana ya zamani ya mtu atanguliaye kupeleleza na kurudi na habari, ndio hao. Baden-Powell, aliyeanzisha skauti za vijana, amezikwa Nyeri tangu mwaka 1941, na Nyeri hiyo hiyo ndipo Roosevelt alipoanzia kuwafuata tembo wake wa kwanza chini ya Mlima Kenya. Hakuna aliyewatangulia wazungu hawa wawili porini isipokuwa watu wa aina ya Bakari. Filamu ilimpa Sacagawea heshima ya kusoma nyayo. Hapakuwa na ugumu wowote wa kumpa Bakari farasi wa pili.

Wale wafasiri wa vibanda vya video, wanaoingiza maneno ya Kiswahili juu ya picha za Kizungu, wangelijaza pengo hili bila kuomba ruhusa. Nawafahamu. Wangemwita mzee yule "Bwana Nyama", wangemtungia tembo jike ugomvi wa zamani naye, na kibanda kizima kingecheka na kuelewa. Wasomi huwabeza kwa kutofuata maandishi ya asili. Mimi huwaona kuwa wahakiki, tena wanaolipwa kwa wakati.

Kuna Roosevelt mwingine wa jengo hilo ambaye filamu haikumpa uhai. Kwa zaidi ya miaka themanini, tangu Oktoba 1940, mbele ya mlango wa makumbusho ya kweli ilisimama sanamu ya shaba nyeusi, kazi ya James Earle Fraser: Roosevelt juu ya farasi, kulia na kushoto kwake watu wawili wakienda kwa miguu, mmoja mwenyeji wa asili wa Marekani na mwingine Mwafrika. Fraser alieleza kwamba ni waongozaji wanaowakilisha mabara mawili. Ulinganishe sasa. Kitabu cha Roosevelt mwenyewe, pamoja na kiburi chote cha enzi zake, kilisema Bakari. Mchongaji, aliyekuja baadaye na nia njema, alisema Afrika. Mtu akigeuzwa kuwa bara haombi mshahara wala haulizwi jina, na anaweza kusimama kando ya farasi wa mwenzake miaka themanini bila mtu kumtafutia kiti.

Nta ya filamu imeishinda shaba hiyo kwa jambo moja: inasema ukweli juu ya ilikotoka. Shaba haikusema, mpaka watu wakasema kwa niaba yake. Juni 2020 makumbusho yenyewe yaliomba iondolewe, mwaka uliofuata tume ya jiji ikaafiki, na uamuzi ukawa ipelekwe kwa mkopo wa muda mrefu katika maktaba ya kumbukumbu ya Roosevelt huko North Dakota. Wako walioona kwamba kwa kufanya hivyo historia inafutwa. Sioni hivyo, kwa kuwa kitabu cha 1910 bado kipo na hesabu yake ya wanyama 512, na yeyote anaweza kukifungua. Ila naona hasara moja, kwamba pamoja na mwenye farasi waliondoka pia wale wawili wa miguuni, na nafasi ya kuwaita kwa majina ikaondoka nao.

Kazi ya kuishusha ilifanyika Januari 2022, wakati wa usiku. Mafundi walikuja na winchi na taa kali, milango ya makumbusho ikiwa imefungwa, simba na tembo wa Akeley wakiwa ndani nyuma ya vioo vyao. Kulipokucha, mbele ya ngazi palikuwa na kitako cha mawe kilichobaki kitupu.